Rozela Uani mwa Nyumba za Bondeni

Rozela, ambayo wengi wa bara huiita choya, ni kichaka cha msimu mmoja. Hutoka ardhini mvua zinapoanza, hupanda hadi kumpita mtu mzima kimo, huzaa, hukauka na kufa kabla mvua nyingine hazijarudi. Shina lake na vikonyo vyake hushika wekundu, na majani yake huchanika sehemu tatu hadi tano. Ua ni la rangi ya krimu au manjano hafifu, lenye doa jekundu lililokoza katikati. Hufunguka asubuhi, na kabla ya jioni limekwisha kunyauka. Kinachovunwa si ua hilo. Ni kikombe kilicholishika ua kwa chini, ambacho petali zikishaanguka huanza kunenepa, kujaa maji na uchachu, na kulifunika tumba la mbegu lililo ndani yake. Kikombe hicho kina wekundu wa damu ya mzee, nacho ndicho kinachopikwa, kinachokaushwa na kuuzwa sokoni kwa jina la maua.

Katika vitabu vya mimea huitwa Hibiscus sabdariffa. Ni wa ukoo mmoja na bamia, pamba na mbuyu, na undugu huo unaonekana wazi kwa anayelima: ua la bamia na ua la rozela yanafanana kiasi cha kumchanganya mgeni, na wadudu wa mmoja humhamia mwenzake bila kusita. Asili yake ni Afrika. Wataalamu wengi huielekezea Sudan na nchi jirani, ambako inaaminika kwamba watu waliitunza kwanza kwa ajili ya mbegu na majani, na ladha ya vikombe ikaja kuthaminiwa baadaye. Kutoka bara hili ilisambaa mbali. Inasemekana mbegu zake zilivuka Atlantiki pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani. Katika karne ya 17 ilikuwa tayari inalimwa Brazil, na mwaka 1707 ilikuwapo Jamaica. Leo Wasudani na Wamisri huinywa kwa jina la karkade, Wasenegali huiita bissap, Wanigeria zobo, na Wameksiko wanayo katika kila mgahawa wa kawaida. Mmea wenye safari hiyo yote unastahili heshima zaidi ya ile unayopewa nyumbani kwao, ambako mara nyingi huachwa ujiotee pembeni mwa choo.

Bonde la Kilombero nchini Tanzania ni mahali pazuri pa kuutazama mmea huu kwa makini, kwa sababu ardhi ya hapa humlazimisha mkulima kuchagua. Bonde limelala kati ya Milima ya Udzungwa upande mmoja na nyanda za Mahenge upande wa pili, na kati yake mto hutambaa ukigawanyika na kuungana tena. Masika yanapokolea, kuanzia Machi hadi Mei, mto hujaa na kumwagikia tambarare, na eneo kubwa hugeuka maji na nyasi. Ardhi oevu hii ilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002. Mpunga unaipenda. Mahindi huvumilia kingoni. Rozela haina nafasi mle: mche mkubwa unaweza kustahimili mafuriko ya siku chache, lakini maji yakisimama shinani wiki baada ya wiki, mzizi wake mkuu huoza, shina huwa jeusi kwa chini, na majani hulegea huku udongo umelowa.

Hivyo rozela ya bondeni huishi panapoishi watu. Kivukoni, ng'ambo ya mto kutoka Ifakara mjini, na katika vijiji vingine vya upande wa Ulanga, nyumba hujengwa kwenye miinuko ambayo maji hayaifikii, au huifikia mwaka mmoja mmoja tu. Miinuko hiyo si mikubwa. Lakini ndipo udongo ulipo mwepesi, wenye kichanga kilicholetwa na mto zamani, uliochanganyika na majivu ya jikoni, maganda, kinyesi cha kuku na vumbi la pumba. Shamba la mpunga linaweza kuwa mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani, na wakati wa palizi familia huhamia huko kwenye vibanda. Ua wa nyumba hubaki na bibi, na mama mwenye mtoto mchanga, na wanafunzi. Zao linalofaa ua huo ni lile lisilodai mtu mzima mwenye jembe kila siku, na lisilokufa likisahaulika wiki mbili. Rozela inatimiza masharti yote mawili, na hilo ndilo linaloifanya kuwa zao la nyumba kuliko zao la shamba. Wapo wanaoishauri kama zao la biashara la ekari nyingi. Kwa mwinuko mkavu wa Dodoma ushauri huo una maana. Kwa Kivukoni, kuiondoa rozela uani na kuipeleka mbugani ni kuitoa kwenye sehemu pekee inayoiweza.

Swali la wakati wa kupanda ni gumu kuliko linavyoonekana, na hapa ndipo wengi hukosea. Rozela haihesabu umri wake kwa miezi. Huhesabu urefu wa mchana. Mchana ukiwa mrefu huendelea kutoa shina na majani tu; mchana ukifupika hadi kukaribia saa kumi na mbili, huacha kurefuka na kuanza kutoa matumba ya maua. Ifakara iko nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kabisa wa Desemba na mfupi kabisa wa Juni ni chini kidogo ya saa moja. Hakuna mtu anayeihisi tofauti hiyo katika kazi zake. Mmea unaihisi, dakika kwa dakika.

Matokeo yake ni haya. Mbegu iliyopandwa Desemba, mvua za mwanzo zikiwa zimelainisha udongo, hupata miezi mitatu au minne ya kujenga mwili. Mchana unapofupika, Machi ikielekea Aprili, mmea huwa umefika kifuani, una matawi mengi, na kila tawi huzaa. Mbegu ileile ikipandwa Aprili kwa kusubiri masika yatulie, hukuta mchana umekwisha kufupika. Mche wenye kimo cha goti hutoa maua machache na kuona kazi yake imekwisha. Mwenye mche huo hulaumu mbegu au udongo. Kosa liko kwenye kalenda. Hii ndiyo sababu pia kwamba Jamaica, iliyo kaskazini mwa ikweta, huvuna rozela mwishoni mwa mwaka na kuifanya kinywaji cha Krismasi, wakati bonde la Kilombero huivuna kuanzia Mei hadi Julai. Mmea ni mmoja na sheria ni moja. Jua ndilo linalokwenda upande mwingine.

Ulaya kaskazini kuna kichaka ambacho kwa matumizi kinakaribiana sana na rozela, ingawa si ndugu yake: Ribes rubrum, kinachozaa vishada vya matunda madogo mekundu, makali, yanayopikwa jeli na kukamuliwa juisi. Waafrika Mashariki wanaoishi Ujerumani, Uholanzi au Uingereza hukiona katika bustani za majirani, na mara kwa mara mtu hutamani kukileta nyumbani. Kichaka hicho huishi miaka mingi, lakini ili kichanue lazima kipite majira ya baridi yenye mamia ya saa chini ya nyuzi 7 za sentigredi. Bonde la Kilombero halifiki baridi hiyo hata usiku wa Julai. Kikiletwa kitatoa majani kwa shida, hakitazaa, na baada ya muda kitakufa. Rozela inafanya kazi ileile jikoni, kwa wekundu uleule na ukali uleule, wala haidai theluji.

Upandaji wenyewe ni mwepesi. Mbegu hulowekwa usiku mmoja, kwa kuwa ganda lake ni gumu, kisha hufukiwa mbili au tatu katika kila shimo, kina cha sentimita mbili hivi. Huota ndani ya wiki moja. Miche ikifikia kimo cha shibiri, yenye afya huachwa na mingine hung'olewa. Miche iliyong'olewa huliwa kama mboga, majani yake yakiwa na uchachu unaopendeza ukichanganywa na mboga nyingine zilizopoa kama matembele au mchicha. Nafasi kati ya mche na mche iwe mita moja. Mpandaji wa mara ya kwanza huona nafasi hiyo ni kubwa mno na kupachika miche mingine katikati. Kufikia Aprili matawi hubanana, hewa haipiti, na vikombe vya chini huoza kabla ya kuiva. Mahali penye dalili ya kutuama maji pafanyiwe tuta, na njia ya maji ichimbwe ili ielekee mbali na msingi wa nyumba. Mashimo ya kuchimbia udongo wa matofali, ambayo hayakosekani karibu na nyumba nyingi, yasigeuzwe visima vya kumwagilia na kuachwa wazi: maji yaliyosimama karibu na nyumba ni mazalio ya mbu, na bonde hili halihitaji mbu zaidi.

Mche ukifika kimo cha goti, ncha yake hukatwa. Wengi huogopa kufanya hivyo. Lakini ncha ikiondolewa, macho ya pembeni huamka na kutoa matawi, na vikombe hutokea kwenye matawi, kila kimoja kwenye kwapa la jani. Mmea usiokatwa hupanda juu kama mlingoti, huangushwa na upepo wa masika, na huzaa nusu ya uwezo wake. Samadi iwekwe kwa kiasi. Ua wa nyumba za zamani una rutuba tayari, na rozela iliyoshibishwa samadi hutoa majani makubwa ya kuvutia na vikombe vichache. Palizi ni mbili au tatu za mwanzo tu. Baada ya hapo kivuli cha mmea wenyewe hufanya kazi hiyo. Ua wenye mbuzi lazima uwe na uzio, na hapa matete ya mtoni yanatosha. Mbuzi mmoja kwa asubuhi moja humaliza kazi ya miezi mitatu.

Adui mkubwa kuliko wote ni kangambili, mdudu mwekundu mwenye alama nyeusi mgongoni, anayetembea kwa makundi na kunyonya mbegu zilizo ndani ya tumba. Huyu ndiye mdudu aliyewatesa wakulima wa pamba tangu zamani, kwani hula karibu kila mmea wa ukoo huo, na huzaliana pia kwenye mibuyu na misufi. Pamba ina historia chungu katika eneo hili. Utawala wa Wajerumani uliwalazimisha watu wa kusini kuilima katika mashamba ya pamoja kwa ujira usiotosha hata chumvi, na shuruti hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vilivyoanza Julai 1905. Wapogoro na Wambunga waliingia vitani, na tarehe 30 Agosti mwaka huohuo boma la Mahenge lilishambuliwa. Mmea uliopandwa kwa kiboko na mmea unaopandwa kwa hiari kando ya jiko ni ndugu wa ukoo mmoja, wanaoliwa na mdudu mmoja. Tofauti ni nani anayevuna, na kwa ajili ya nani.

Uani, kangambili hapaswi kupuliziwa sumu. Kikombe cha rozela huliwa chenyewe, hakimenywi ganda, na kila kilichopuliziwa juu yake huishia kwenye glasi. Dawa nyingi zinazouzwa madukani kwa ajili ya pamba au mbogamboga zina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na rozela huvunwa kila baada ya siku chache kwa wiki nyingi, kwa hiyo siku hizo hazipatikani. Njia inayofaa ni ya mkono: asubuhi mapema, wadudu wakiwa bado wazito kwa umande, matawi hutikiswa juu ya beseni lenye maji ya sabuni. Vikombe vilivyoanguka viokotwe, kwa sababu humo ndimo wanamojificha. Bamia isipandwe ubavuni mwa rozela. Mdudu mwingine ni mbawakawa mdogo arukaye kama kiroboto, anayetoboa majani ya miche michanga. Majivu ya jikoni yakinyunyizwa juu ya majani yenye umande humpunguza. Minyoo fundo ya mizizini haina tiba uani zaidi ya kuhama: mahali palipolimwa rozela mwaka huu papumzishwe au papandwe mahindi mwaka ujao.

Mavuno yana kipimo chake. Kikombe kiko tayari wiki tatu hivi baada ya ua kuanguka, kikiwa kimenenepa na kukolea rangi, lakini tumba la ndani likiwa bado bichi na laini. Ikisubiriwa hadi tumba likauke, kikombe nacho hukakamaa na kupoteza maji. Asubuhi vikombe huvunjika kwa urahisi mkononi. Jua likishapanda hung'ang'ania na kuhitaji kisu. Uvunaji wa mara kwa mara huufanya mmea uendelee kuzaa. Mmea mmoja uliopandwa Desemba na kukatwa ncha unaweza kutoa kilo moja hadi moja na nusu ya vikombe vibichi kwa msimu. Familia yenye mimea kumi, ambayo haihitaji zaidi ya kipande cha ua kilicho nyuma ya jiko, itapata kilo kumi au kumi na tano, na vikikaushwa vyote, kilo moja au zaidi kidogo, maana kikombe hupoteza karibu tisa ya kumi ya uzito wake.

Kulitoa tumba la mbegu ndiyo kazi inayochosha. Kisu chenye ncha huzungushwa kwenye kitako cha kikombe, kisha tumba husukumwa kwa kidole. Wanaofanya kazi hii sana hutumia kipande cha bomba jembamba kilichonolewa mdomo: husukumwa chini ya kikombe, na tumba hutokea juu zima. Kazi hii hufanywa jioni, kwenye mkeka, na watoto, na vidole hubaki vyekundu hadi kesho yake.

Ukaushaji hufaidika na bahati nzuri ya kalenda. Vikombe vinaiva mvua zinapoondoka na kiangazi kuingia, wakati uleule ambao mpunga unatandazwa kwenye maturubai mbele ya kila nyumba. Lakini visitandazwe pamoja na mpunga. Mpunga una ganda la kuukinga na vumbi na kuku. Rozela haina, na vumbi likishanata kwenye kikombe chenye majimaji halitoki. Panahitajika uchanja: miti minne, fito, na juu yake mkeka au wavu safi, kiasi cha kiuno kutoka ardhini, hewa ipite chini na juu. Vikombe vitandazwe safu moja, vifunikwe kwa kitambaa chepesi, na viingizwe ndani usiku. Jua kali la moja kwa moja hukausha haraka lakini hufifisha wekundu. Kivuli chenye upepo hutunza rangi. Wenye kaushio la jua lenye paa la nailoni walitumie. Kikombe kimekauka kikivunjika kwa sauti kinapokunjwa. Kikijikunja tu bila kuvunjika, kina maji bado, na kikifungiwa kitaota ukungu. Baada ya hapo kihifadhiwe katika ndoo yenye mfuniko unaobana, kwa sababu hewa ya bondeni wakati wa masika hurudisha unyevu ndani ya kila kitu kilichoachwa wazi.

Jikoni, jambo la kwanza ni chombo. Uchachu wa rozela hautofautiani sana na wa ndimu, na sufuria ya alumini ya kawaida huliwa na uchachu huo: juisi hupata ladha ya chuma na sufuria hubaki na madoa. Sufuria ya stenlesi, ya enameli isiyobanduka, au chungu cha udongo ndicho kinachofaa. Vikombe vikavu vya kiganja kimoja, lita mbili za maji, kipande cha tangawizi kilichopondwa, mdalasini ukipatikana. Vichemke dakika kumi, vichujwe, sukari iwekwe baadaye. Sukari ndiyo inayoamua afya ya kinywaji hiki, na katika bonde linalolima miwa ya sukari, mkono huwa mwepesi. Juisi nyingi zinazouzwa stendi ni tamu kupita kiasi, na uchachu, ambao ndio roho ya rozela, umezikwa humo.

Jamu yake ni bora kuliko jamu nyingi za dukani, na siri yake iko kwenye kile kinachotupwa. Matumba mabichi ya mbegu yana utelezi, kama wa bamia, na pamoja na vikombe vyenyewe yana pektini ya kutosha kugandisha jamu bila kuongeza kitu. Matumba huchemshwa peke yake ndani ya maji kwa nusu saa, maji yale huchujwa, na ndani yake ndimo vikombe vinamopikwa hadi vilainike. Kisha sukari hupimwa sawa na rojo, ujazo kwa ujazo, na moto huongezwa. Tone likiwekwa kwenye kisahani baridi na kukunja uso linaposukumwa, jamu imeiva. Hutiwa ikiwa moto kwenye chupa zilizochemshwa. Wekundu wenyewe una tabia ya kuvutia: ukikutana na ndimu hung'aa zaidi, ukikutana na magadi hugeuka zambarau na hatimaye kijani chafu. Kwa hiyo sufuria iliyopikiwa maharage kwa magadi ioshwe vizuri kwanza.

Kuhusu dawa, lazima pasemwe wazi. Bondeni, kama kwingineko nchini, juisi nyekundu hupewa wajawazito na watoto waliopungukiwa damu, kwa imani kwamba wekundu huenda kuwa damu. Hauendi. Rozela ina vitamini C na madini ya chuma kiasi, lakini upungufu wa damu katika bonde hili mara nyingi hutokana na malaria, minyoo na lishe duni, na hayo hutibiwa kliniki, kwa vipimo na vidonge vya madini ya chuma. Glasi ya rozela inayomchelewesha mama mjamzito kwenda kliniki imemdhuru, hata kama yenyewe haina sumu. Zaidi ya hayo, wajawazito wanashauriwa kutoinywa kwa wingi.

Upande wa shinikizo la damu una msingi imara zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani walichapisha jaribio la watu wazima 65 wenye shinikizo lililopanda kidogo. Waliokunywa vikombe vitatu vya chai ya rozela kila siku kwa wiki sita, kipimo cha juu cha shinikizo lao kilishuka kwa wastani wa milimita 7.2 za zebaki. Cha waliopewa kinywaji cha kufananisha kilishuka 1.3. Ni tofauti ya kweli, ila si kibali cha kuacha vidonge. Anayetumia dawa za presha na kunywa rozela nyingi amweleze daktari, kwani viwili hivyo vinaweza kushusha presha kwa pamoja kupita inavyotakiwa. Sudan nako, mwaka 1994, ilionyeshwa kwamba karkade ikinywewa pamoja na klorokwini hupunguza kiasi cha dawa kinachofika kwenye damu. Klorokwini iliondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania tangu 2001, lakini somo lake halijaisha: dawa yoyote imezwe kwa maji matupu, na rozela isubiri. Ifakara, mji wenye Hospitali ya Mtakatifu Fransisko na ambamo utafiti wa malaria umefanyika tangu miaka ya 1950, ushauri wa namna hii haupatikani mbali.

Mwishoni mwa Julai mimea huanza kukauka kuanzia chini. Mashina yake yana nyuzi imara, na yakilowekwa na kuchunwa hutoa kamba ya kufungia matete ya uzio. Yaliyobaki huwa kuni nyepesi au huchomwa ili kuua wadudu waliojificha. Kabla ya hapo kuna kazi moja ambayo haiwezi kurudiwa. Mmea mmoja au miwili, ile iliyozaa vizuri kuliko yote na isiyougua, iachwe bila kuvunwa tangu mwanzo wa msimu. Matumba yake yatakauka na kuanza kupasuka. Yakusanywe kabla hayajamwaga, kwa kuwa kila moja lina mbegu ishirini na kitu, yapurwe, mbegu zipepetwe na kuanikwa kivulini, kisha zichanganywe na majivu makavu ndani ya chupa yenye kizibo. Matumba ya mmea mmoja yanatosha ua wa mwenyewe na nyua za majirani kadhaa. Mwenye mbegu nzuri azigawe Novemba, kabla mvua hazijaanza, na anayepewa azipande Desemba.